Magamba ya chuma yasimwagwe korongoni

Ndugu Mhariri,

Kila Liganga, kule mkoani Njombe, ikitajwa redioni tunasikia yale yale: Ludewa kuna chuma, Mchuchuma kuna makaa ya mawe, tujenge tanuru. Naomba nafasi nizungumzie chuma kingine, hiki tunachokimwaga korongoni hapa Moshi.

Mimi ni mfua vyuma. Chuma chekundu ukikipiga nyundo kinadondosha magamba meusi, membamba. Viwanda vya nondo huyapata kwa wingi zaidi yetu. Sogeza sumaku uone yanavyoirukia! Kwa uzito, takriban asilimia 70 ya gamba ni chuma, iliyobaki ni oksijeni. Mawe mengi yanayochimbwa kwa baruti hayafikii hapo.

Matanuru ya umeme yanayoyeyusha skrepa hayayataki magamba, maana oksijeni ile lazima itolewe kwanza. Tanuru refu linalopulizwa hewa moto limejengwa kwa kazi hiyo hiyo: koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa, inaungua chini, gesi yake inapanda na kuipokonya oksijeni, chuma kinatiririka. Ndiyo maana wenye matanuru hayo hukusanya magamba na vumbi la kiwandani, wakayachoma pamoja na chenga za mawe ya chuma hadi yashikane, au wakayafunga kwa saruji yawe vibonge, kisha wakayarudisha tanuruni. Huko Keihin, Japani, mwaka 1996 walianza kupuliza hata plastiki chakavu badala ya sehemu ya koki; tanuru la huko lilizimwa 2023.

Sisi tuna sababu zaidi ya kuyatunza. Mawe ya Liganga yana madini ya titani, na titani ikizidi, mavi ya chuma, yaani ule uchafu ulioyeyuka, huwa mazito, hayataki kutoka tanuruni. Magamba safi hayana titani, kwa hiyo kila tani inayochanganywa inapunguza taabu hiyo.

Nimesema magamba safi kwa makusudi. Mabati yamepakwa zinki, na vumbi la tanuru lililoyeyusha mabati limejaa zinki. Hiyo huchemka kwenye nyuzi 907 tu, ikapanda na gesi, ikaganda juu kwenye ubaridi, ikala matofali ya ukuta. Ukishamwaga vumbi hilo juu ya magamba, umeharibu mzigo wote. Mafuta ya mashine nayo ni kikwazo. Kutenganisha baadaye ni gharama ambayo hakuna atakayekubali kuilipa. Kutenganisha leo ni kuweka mapipa mawili na kumwelekeza kijana anayefagia.

Kwa hiyo naviomba viwanda vya Moshi na Arusha viyaweke magamba peke yake, chini ya paa, na halmashauri zetu zitenge eneo la kuyahifadhi. Wanaopanga tanuru la Liganga nao watuambie mapema watayapokea kwa masharti gani ya usafi, na nani atalipia usafiri kutoka huku kaskazini hadi Njombe.

Mfua vyuma,
Majengo, Moshi