Joto la Ubungo na Kinyerezi lisiachwe lipae na moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu nilipostaafu ufundi wa boila.

Kila nipitapo Ubungo huyatazama yale mabomba ya moshi ya mitambo ya gesi. Hayatoi moshi mweusi, ndiyo maana wapita njia hawana habari nayo. Lakini hewa inayotoka kwenye mashine za gesi za aina ile huwa na nyuzi joto kati ya 450 na 550. Gesi tumeivuta kwa bomba kutoka Songo Songo na Mtwara kwa gharama kubwa. Tukiichoma, chini ya nusu ya nguvu yake ndiyo inayokuwa umeme. Iliyobaki inapaa.

Dawa yake si ngeni nchini. Mtambo wa gesi wa Kinyerezi II, megawati 240, uliozinduliwa mwaka 2018, una mashine sita za gesi na mbili za mvuke. Joto la zile sita huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha hizi mbili. Kwa mpangilio huo mvuke huchangia karibu theluthi ya umeme wote bila kuchoma gesi ya ziada, na hewa ukaa kwa kila uniti hupungua. Jirani yake, Kinyerezi I ya megawati 150, ilijengwa bila mashine ya mvuke. Ubungo II vivyo hivyo.

Nitaambiwa sasa tuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, gesi ya nini tena? Hoja hiyo naiheshimu. Mtambo wa mvuke haupendi kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Gharama yake hurudi ukifanya kazi mfululizo. Lakini mwaka 2022 mito ilipokauka na mgawo ukaanza, tuliegemea gesi. Mbona tuichome kwa hasara siku zile tunapoihitaji zaidi?

Kiwandani nilikofanya kazi ujanani tulipitisha maji kwenye mabomba ndani ya dohani kabla hayajaingia kwenye boila. Yaliingia yakiwa yameshapata moto, na mwezi ule ule daftari la zamu likaonyesha mafuta yamepungua. Hatukuongeza chochote ila mabomba na kazi ya kuyasafisha masizi.

Naiomba Wizara ya Nishati na Tanesco, zabuni yoyote mpya ya mtambo wa gesi itamke joto litakwenda wapi. Na kwa mitambo iliyopo, tutangaziwe kila mwaka kila mmoja umechoma gesi kiasi gani kwa uniti moja ya umeme. Sisi tunaonunua luku tunastahili kuijua namba hiyo.

Fundi boila mstaafu,
Dar es Salaam