Barua kwa mwanangu: Kijiti cha kupimia mafuta

Mwanangu mpendwa,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, nikaacha mboga motoni ikaungua. Mara ya tatu nilikuwa kitandani, baba yako amekwisha kulala, simu nimeibana sikioni asije akaamka. Dakika saba unanieleza vita vya Sudan, tope la Hanang, joto linalozidi kila mwaka, na kodi ya nyumba. Halafu mwishoni, kwa sauti ndogo: "Mama, mtu mwenye akili anazaaje mtoto kwenye dunia hii?"

Nilitaka kukupigia papo hapo. Nikajizuia, maana najua ningekwambia maneno ya haraka: mwombe Mungu, mwanangu, itakuwa sawa. Na hilo neno "itakuwa sawa" mimi nina deni nalo. Ndiyo maana nimekaa na kalamu, na humu nitakueleza jambo ambalo sijamweleza hata mmoja wenu.

Kwanza nikiri kwamba uliyoyasema ni kweli. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka Mlima Hanang likafukia watu mjini Katesh, wengine wakiwa bado vitandani. Niliona picha zile nikalia kama wewe. Sikuombi ufumbe macho.

Lakini nikuulize. Unakikumbuka kile chumba kirefu nyuma ya hospitali, karibu na mwembe, ambamo ninyi watoto wa nyumba za watumishi mlikuwa mkichezea kombolela? Kilijaa magodoro yaliyochanika na vitanda vya chuma vilivyopinda. Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa nikitoka kazini nakusikia unacheka humo ndani, nasimama mlangoni, nawe ukidhani nimekuja kukugombeza kwa ajili ya vumbi.

Mwanangu, ile ilikuwa wodi ya surua.

Nilipoanza kazi mwaka 1984 mle ndani mlikuwa na vitanda kumi na viwili, na msimu wa surua ukifika tulilaza watoto wawili wawili kila kitanda, mama zao chini kwenye mikeka. Madirisha tuliyaziba kwa vitenge kwa sababu mwanga uliwachoma macho. Vinywa vilijaa vidonda hadi mtoto analilia ziwa na akipewa hawezi kunyonya. Ukiingia zamu ya usiku, kabla hujawasha hata taa, unasimama kwanza unasikiliza pumzi. Ukizoea, masikio yanakwambia ni kitanda gani kimenyamaza.

Humo ndimo ulimojificha ukicheka. Hakuna siku walikuja viongozi wakakata utepe kufunga wodi ile. Chanjo ilienea, zikapita kampeni kubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wagonjwa wakapungua mwaka hadi mwaka, siku moja mtu wa stoo akakosa pa kuweka magodoro akayaweka mle. Basi. Hata sisi tuliofanya kazi humo hatukuliona likitokea, itakuwaje wewe ulione kwenye simu yako usiku wa manane?

Nichukue benchi la kliniki, ambalo unalijua. Mwaka 1999, wewe ukiwa na miaka mitatu, hapa Tanzania kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufika miaka mitano. Yaani akina mama saba wakikaa kwenye benchi na watoto wao mapajani, mmoja angezika. Nilikuwa nikikaa nao, na wewe nimekupakata, na niliihesabu ile saba mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 umekuta 43 katika 1,000. Leo unahitaji akina mama ishirini na watatu, benchi tatu zilizojaa, ndipo umkute huyo mmoja. Bado ni mmoja, na kwake yeye ndiye wote. Ila wale wengine wanarudi nyumbani na watoto wao, na habari hiyo haina wa kuitangaza.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Utasema, basi mama, waliokuwa na matumaini ndio walioshinda. Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa na matumaini.

Kliniki yetu ilikuwa na jokofu la chanjo la mafuta ya taa. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, saa chache jioni. Chini ya jokofu kuna tangi, kuna utambi, na ule moto lazima uwake rangi ya buluu. Ukiwa wa njano unatoa moshi, masizi yanaziba dohani, na juu kunapata joto. Joto la ndani tulilisoma asubuhi na jioni na kuliandika. Likizidi nyuzi nane ni hatari, na likishuka kwenye barafu baadhi ya chanjo zinakufa pia, kwa hiyo huwezi kusema utazidisha baridi ili uwe salama. Linataka mtu wa kuliangalia kama mtoto mchanga.

Mtu huyo alikuwa mhudumu mmoja mtu mzima, sote tukimwita Babu. Sijawahi kufanya kazi na binadamu aliyetarajia mabaya kama yule. Mafuta yakiletwa, atasema yamechanganywa maji, na atayachuja kwa kitambaa. Gari la chanjo likisemekana linakuja Alhamisi, atasema halifiki, na atatayarisha baiskeli. Mvua ikinyesha anaangalia paa, isiponyesha anaangalia kisima. Sisi vijana tulimwona mzee wa nuksi. Jioni kabla ya kwenda kwake alichovya kijiti ndani ya tangi, kijiti cha mti kilichochongwa alama kwa kisu, akasoma mafuta yamefika wapi. Jokofu lilikunywa kama lita moja kwa siku, na yeye alijua kila alama ni siku ngapi.

Pasaka ya mwaka 1988 Babu alifiwa akaenda msibani. Jokofu akaniachia mimi. Aliniambia, "Mwanangu, hilo tangi usiliamini." Ijumaa Kuu jioni nilitazama kwa macho, sikuchovya kijiti, nikaona yamo. Mtu wa stoo aliyekuwa na funguo alikuwa anaondoka, akaniuliza kama nataka nyongeza. Nikamwambia, hapana, itakuwa sawa hadi Jumanne.

Jumanne asubuhi nilifungua mlango nikajua kabla sijasoma kipimo. Jokofu lenye baridi lina harufu yake na jokofu lililokufa lina yake. Kipimo kilikuwa nyuzi kumi na tisa. Chanjo zote za surua tulizimwaga.

Akina mama walikuwa wameshajaa uwanjani. Mmoja alikuwa ameondoka kwake saa kumi usiku, mtoto mgongoni, mwenye miezi tisa kamili, umri wenyewe wa chanjo ya surua. Nikamwambia dawa zimeisha, arudi baada ya wiki mbili. Sikumwambia kwa nini. Akaniitikia, "Haya, nesi, asante," akageuka. Zile wiki mbili hazikufika. Alirudi siku ya kumi na moja, safari hii moja kwa moja kwenye kile chumba kirefu, na mtoto alikaa nasi usiku tatu tu. Wa tatu ulikuwa zamu yangu.

Yule mama hakujua kamwe. Mimi nimeishi na jambo hili tangu kabla hujazaliwa.

Babu aliporudi hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alisafisha utambi, akawasha, akapiga magoti kuutazama moto mpaka ukawa buluu, halafu akanipa kile kijiti mkononi akachonga kingine cha kwake.

Ndiyo maana nasita mtu akinisifia matumaini matupu. Nimeyaona yanachofanya. Lakini Babu naye, pamoja na kutarajia mabaya yote yale, sikumwona hata siku moja amekunja mikono akasema liwalo na liwe. Hofu yake ilimwamsha usiku ikampeleka kwenye tangi. Hofu ninayoisikia kwenye sauti yako, mwanangu, inakulaza kitandani na simu usoni hadi saa nane. Hapo tu ndipo nina ugomvi nawe. Ogopa, lakini ogopa ukiwa umesimama, na uogope kitu ambacho mkono wako unakifikia.

Nilipokuwa naita majina kwenye daftari la kliniki nilikuwa nikishangaa. Tabu. Shida. Mashaka. Sikudhani. Matatizo. Ukisikiliza majina peke yake utasema hawa ni watu waliokwisha kukata tamaa na dunia. Bibi yako alizaa tisa akazika wanne, na baada ya kuzika wa pili majina yake yote yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyo. Lakini waangalie miguu. Mtu amempa mwanawe jina la shida, halafu amembeba kilomita kumi na nne kwa ajili ya sindano moja. Yule mtoto wa Pasaka alikuwa na mojawapo ya majina hayo. Mdomo wa mama yake ulikuwa umeshaiandika dunia hivyo, na miguu yake ilikataa. Mimi nikimfikiria mwenye matumaini, namfikiria yule, tena na vumbi lake magotini.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini mkononi nina alama mbili za chanjo na wewe unayo moja. Nilikujibu juu juu. Yako ni ya kifua kikuu. Ile yangu ya pili ni ya ndui. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida duniani alikuwa hapa jirani, Merca, Somalia, Oktoba 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alifanya kazi hospitalini na alikuwa hajachanjwa, kwa sababu aliogopa sindano. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akawa mtu wa kuzunguka vijijini kwao kuwasihi wazazi wachanje watoto polio, akiwasimulia uoga wake uliomponza. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo, kwa malaria. Fikiria, malaria. Alimaliza moja, akakutwa na jingine akiwa njiani kupigana na la tatu. Sasa malaria nayo imepata chanjo, na watoto wa Bagamoyo na Korogwe ni kati ya waliofanyiwa majaribio yake.

Kuhusu kuzaa. Sitakudanganya kwamba sitamani mjukuu, natamani sana. Lakini tumbo ni lako, na uamuzi ni wako na mwenzako. Usipozaa utabaki mwanangu vilevile, na baba yako nimeshamweleza hivyo. Ninachokuomba ni kwamba usiamue saa nane za usiku. Chagua asubuhi moja, uende kliniki ya watoto iliyo karibu nawe, simu ibaki kwenye mkoba. Salimia, kaa kwenye benchi kama mtu aliyemsindikiza mtu. Uwahesabu. Ukifika saba, endelea. Watakuwepo wanaopiga kelele, wenye mafua, mmoja atakukojolea. Halafu muulize nesi jokofu lao lipo wapi na nani analiangalia sikukuu. Uliza kama mimi ningekuuliza. Majibu yake utaniambia, maana nataka kujua.

Nimempa dereva wa basi la Ijumaa kifurushi chako. Kuna korosho kilo mbili, zile kubwa, mgawie na mwenzako. Kuna kitenge ulichokisahau. Baba yako ameweka asali, usiiache juani. Na katikati, nimekizungushia gazeti kisivunjike, kuna kile kijiti kilichokuwa nyuma ya mlango wa chumbani kwangu, ulichokuwa ukiniuliza kila mara kwa nini sikitupi. Alama ya juu kabisa ni siku nane.

Mama yako