Mwambie Asitupe Madaftari Yake

Lexington, Kentucky

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Barua yako niliipata salama, na nimefurahi kusikia kwamba mama amepata nafuu na kwamba mvua zimeanza vizuri huko Kasulu. Umeniuliza jambo moja, nami nimekaa nalo wiki mbili kwa sababu sikutaka kukujibu kwa mkato: mtoto wa kaka yako, mwenye miaka 17 na aliyefika kidato cha tatu, atakapokuja huku kuungana na baba yake, je, shule itampokea, na Kiingereza chake, kile tunachokijua vizuri mimi na wewe, kitamfikisha wapi?

Kupokelewa atapokelewa. Katika jimbo hili kijana ana haki ya kusoma shule ya umma bila ada mpaka atimize miaka 21, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tangu mwaka 1982 kwamba shule haiwezi kumfungia mlango mtoto hata kama hana karatasi za uhamiaji, sembuse yeye anayekuja na viza mkononi. Kinachowatesa vijana wa umri wake ni hesabu ya muda. Hapa mtu hahitimu kwa kufaulu mtihani mmoja mkubwa wa taifa kama ule wetu wa kidato cha nne. Anakusanya krediti, yaani hesabu ya masomo aliyoyafaulu, somo kwa somo, na Kentucky inadai zisizopungua 22. Anayeingia darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya hapa, akiwa na miaka 17, huku hana hata krediti moja iliyotambuliwa kutoka alikotoka, anahitaji takriban miaka minne, na miaka minne inamfikisha ukingoni kabisa mwa haki yake. Akifeli masomo mawili matatu, au akiugua muhula mmoja, muda umekwisha.

Hesabu hiyo ina ukatili wake mdogo ambao huenda hukuutarajia. Vijana wengi waliokuja kama wakimbizi walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa mujibu wa karatasi, kwa kuwa aliyewaandikisha hakupewa tarehe kamili naye akajaza siku ya kwanza ya mwaka. Nina wasichana wawili ambao mama zao wanaapa kwamba karatasi iliwaongezea mwaka mzima. Karatasi ndiyo itakayowatoa shuleni.

Sasa nikueleze kisa ambacho sijakisimulia kwa mtu wa hapa. Katika shule moja niliyowahi kuitiwa kazi ya ukalimani, mshauri wa wanafunzi alimwambia baba wa binti wa miaka 18, kwa sauti ya upole sana, kwamba kwa umri wa mwanawe na Kiingereza chake ingekuwa heri aende elimu ya watu wazima, jioni, ajiandae kwa GED, mtihani wa cheti kinachoshika nafasi ya kile cha sekondari. Hakusema kwamba binti anayo haki ya kubaki. Mimi ndiye niliyeyatia maneno yale katika Kiswahili, tena Kiswahili fasaha, na yule mzee akashukuru kwa mikono miwili, akaikunja karatasi aliyopewa akaitia mfukoni mwa koti. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake, nami sikuongeza. Siku hizi ninapoona mkutano unaelekea huko, humwomba mshauri ruhusa ya kumwuliza, mbele ya mzazi, binti ana haki ya kusoma hapa mpaka lini, kisha natafsiri swali langu na jibu lake.

Usidhani yule mshauri alikuwa mtu mbaya. Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015 inazitaka shule zitangaze ni wangapi wanaohitimu ndani ya miaka minne, na kijana aliyechelewa kuja, ambaye huenda akahitaji mwaka wa tano, anaishusha hesabu hiyo. Wakati mwingine mambo haya hufika mahakamani. Huko Lancaster, Pennsylvania, mwaka 2016, vijana wakimbizi waliishtaki wilaya ya shule kwa kuwapeleka katika shule ya pembeni ya kuharakisha krediti, badala ya shule ya kawaida iliyokuwa na programu ya wageni wa lugha. Jaji aliamuru wapokelewe, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Shauri lao lilisimama juu ya sheria ya mwaka 1974 inayozitaka shule zichukue hatua za kuondoa kizuizi cha lugha. Kumkalisha mtoto darasani haelewi kitu, ukasema amesoma, hakukubaliki kisheria.

Nikija kwenye Kiingereza chenyewe, ndipo ninapokukumbuka sana wewe. Je, unakumbuka tulivyokuwa tukifundisha baiolojia kidato cha kwanza? Watoto wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari wanaamka wanakuta kila kitabu ni Kiingereza. Tulikuwa tunaandika ubaoni kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, kisha tunaeleza kwa Kiswahili, na mkaguzi akikaribia dirishani tunarudi haraka kwenye Kiingereza kama wezi wa maembe. Niliona aibu miaka yote ile. Nimekuja huku kuwa msaidizi wa darasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufanya kilekile bila kificho: kumweleza kijana kwa Kiswahili kwa nini jani linahitaji mwanga, naye akishaelewa, maneno ya Kiingereza yanapata mahali pa kushika.

Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha kwamba mwanafunzi mgeni hupata Kiingereza cha kuzungumza katika mwaka mmoja au miwili, lakini Kiingereza cha vitabu humchukua miaka mitano hadi saba. Mtoto wa miaka saba ana nafasi hiyo. Wa miaka 17 hana, kwa hiyo hawezi kungoja lugha ikamilike ndipo aanze masomo. Lazima avibebe vyote viwili pamoja, na wengi hubeba na cha tatu, zamu ya jioni kwenye ghala, kwani kodi ya nyumba haisubiri.

Mwaka jana mwalimu wa hesabu aliniletea karatasi ya kijana wa miaka 19 aliyesoma katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako, kama unavyojua, Wakongo husoma mtaala wa kwao kwa Kifaransa. Alikuwa amepata 4 kati ya 20. Nikaitazama. Katika kugawanya, namba ya kugawia aliiandika kulia na jibu akaliweka chini yake, kama wafanyavyo shule za Kifaransa, na mwalimu, aliyezoea kuliona jibu juu ya mstari, hakuliona. Palipotakiwa 3.5 kijana aliandika 3,5 kwa mkato, mwalimu akadhani ametaja namba mbili. Tuliisahihisha upya tukiwa watatu, kijana akieleza kwa Kiswahili, nami nikitafsiri, na ikafika 15. Mwalimu yule ni muungwana: alifuta alama ya zamani mbele ya kijana. Lakini najiuliza ni karatasi ngapi za namna hiyo hazikuletwa kwangu.

Kwa hiyo, kwa kijana wetu, naomba mambo machache. Apate matokeo yake ya upimaji wa kidato cha pili, ripoti za kila muhula, na barua ya mkuu wa shule yenye mhuri, inayotaja kila somo na saa zake kwa wiki. Kwa karatasi hizo mshauri anaweza kumtambulia krediti, na kila krediti moja ni miezi aliyookoa. Abebe kadi ya chanjo pia. Baadhi ya wilaya humpima mwanafunzi lugha ya nyumbani na kumpa krediti ya lugha ya kigeni, na mtihani wa Kiswahili upo, basi asije akaona haya kusema kwamba anakijua. Atapimwa Kiingereza siku za mwanzo. Ajibu anachokijua, asinakili wala asijitie kujua, maana akipangwa juu mno atanyimwa msaada.

Na mwambie asitupe madaftari yake, hasa ya hesabu na fizikia. Yana uzito, najua, na begi lina kipimo chake. Ayabebe hivyo hivyo.

Nitumie tarehe ya safari ikishajulikana. Siku ya kuandikishwa nitaomba ruhusa kazini, niende nao yeye na baba yake, na safari hii nitakaa upande wa familia, mkalimani atafutwe mwingine.

Nisalimie walimu wote wa zamu ya asubuhi.

Mwenzako wa meza ya dirishani