Kipindi cha Jumamosi: tunaanza na kopo la peremende

Habari za jioni walimu wenzangu. Jumamosi saa 4 asubuhi tunaanza na Grave of the Fireflies, anime (filamu ya katuni ya Kijapani) ya mwaka 1988 iliyoongozwa na Isao Takahata. Imetokana na hadithi fupi ya Akiyuki Nosaka, kwa hiyo wa fasihi msihofu kwamba tumehama somo.

Naomba tusikimbilie kuionyesha yote. Dakika chache za mwanzo zinatosha kipindi kizima. Seita, mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu, anatutajia usiku aliokufa, 21 Septemba 1945, kabla hatujajua lolote kumhusu. Waulizeni wanafunzi: kama mwisho tumeshaujua, taharuki inatoka wapi? Hapo mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyotangulia, wataielewa bila kukariri fasili.

Kisha simamisheni picha kwenye kopo la peremende. Mfanyakazi wa stesheni analitupa nyasini, kifuniko kinafunguka, vipande vya mifupa vinadondoka, vimulimuli wanapaa. Angalieni na rangi: roho za Seita na dada yake zinamulikwa kwa mwanga mwekundu. Mwanafunzi aandike kwanza anachokiona, ndipo aandike maana yake. Hatua hiyo ya kwanza wengi huiruka, na ndiyo ninayoipigania sana.

Filamu hii inaumiza, mtoto mdogo anakufa kwa utapiamlo. Kwa hiyo ni kidato cha tatu kwenda juu tu, na waambieni mapema. Mwenye projekta au spika aniandikie pembeni kabla ya Ijumaa.