Barua ya wazi kwa maafande wenzangu: acheni kuwacheka wanaoota vita

Ndugu zangu mliovaa magwanda na mkayavua,

Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Juzi tulipokutana wastaafu, tukiwa tumechangamka kwa hadithi za ukuruta na masajenti wakali, kijana mmoja ambaye hana muda mrefu tangu arudi kutoka mstari wa mbele alisema kwamba halali usiku. Akaeleza kwamba mkewe humwamsha kwa mpini wa fagio, akiwa amesimama mbali na kitanda, kwa sababu mara ya mwisho alipomshika bega alijikuta amekabwa koo. Mkaangua kicheko. Mmoja wenu, tena mwenye cheo, akamwuliza: "Wewe ulikuwa askari wa wapi, unaogopa ndoto?" Kijana naye akacheka kidogo, akachukua kofia yake, akaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba wengi mliocheka nawajua. Tumelala handaki moja. Namjua asiyeweza kukaa akiwa ameupa mlango kisogo. Namjua anayeondoka harusini fataki zikianza kupigwa. Mlimcheka mwenzenu kwa kuyasema yale yale mnayoyameza ninyi kila usiku.

Hadithi zetu nazipenda, msinielewe vibaya. Zimetuweka pamoja miaka yote hii. Lakini tunasimulia nusu. Tunasimulia gwaride, njaa, doria za usiku, na yule mwenzetu aliyepoteza buti matopeni akatembea peku hadi kambini. Tukikaribia majina ya wasiorudi, mmoja anakohoa na mwingine anabadilisha mada. Ile nusu tusiyoisimulia tunarudi nayo nyumbani, na wanaobebeshwa ni wake na watoto ambao hawakula kiapo chochote.

Mnasema askari kamili haoti. Audie Murphy alikuwa miongoni mwa askari wa Marekani waliotunukiwa medali nyingi zaidi katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, alilala na bastola yenye risasi chini ya mto, akazoea dawa za usingizi hadi zikamtawala, kisha akajifungia hotelini mpaka akaziacha. Baadaye akasema hadharani yaliyomsibu, akaitaka serikali yake iwashughulikie waliokuwa wanarudi kutoka Korea na Vietnam. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994, alitoka jeshini mwaka 2000 kwa sababu ya maradhi haya haya ya kiwewe cha vita, na hakuona haya kueleza kwamba alijaribu kujiua. Nani kati yenu atamwambia jenerali yule kwamba hakuwa askari?

Lakini lawama si zenu peke yenu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwapiga risasi askari 306 wa majeshi yake kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao akili zilikuwa zimechoshwa na mizinga. Tayari mwaka 1915 daktari Charles Myers alikuwa ameandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na hata nuru ya macho baada ya makombora kulipuka karibu nao. Msamaha wa wale 306 ulikuja mwaka 2006, wazazi wao wote wakiwa kaburini. Na madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe katika mwongozo wao mwaka 1980 tu. Jamii hutupigia makofi siku ya gwaride, kesho yake ikituona tunaongea peke yetu barabarani inavuka upande wa pili.

Basi mwenzenu akianza kusema, nyamazeni. Msimkate kwa kisa chenu kikubwa zaidi. Msimwambie ashukuru yu hai, kwani pengine hilo ndilo linalomtesa, kwamba yeye yu hai na wenzake hawapo. Mwulizeni amelalaje. Kama hali hiyo imepita mwezi na inamharibia kazi au nyumba, mpelekeni kwa mtaalamu, na mketi naye kwenye benchi mpaka aitwe. Yako matibabu ya mazungumzo, ambapo mtu huongozwa kuirudia kumbukumbu kidogo kidogo mpaka ipungue makali. Hata aliyekaa nayo miongo anaweza kupata nafuu.

Mengine nayasema kwa kifupi. Pombe inakulaza, kisha inakuamsha usiku wa manane ukiwa na hali mbaya zaidi. Mwenye silaha nyumbani, siku zikiwa mbaya, amkabidhi mtu anayemwamini. Pimeni masikio: mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na seli za kusikia zikifa hazioti tena, kwa hiyo mnaodhani wake zenu wananong'ona makusudi, mkapimwe. Tunzeni karatasi zenu za utumishi na za hospitali.

Na ninyi mlio bado na vyeo, mnaosaini barua za kustaafu: askari anaporudisha bunduki na vifaa ghalani, kila kitu hukaguliwa na kuandikwa, hata chupa ya maji. Mkagueni na yeye. Apimwe masikio, aulizwe kuhusu usingizi wake, majibu yaandikwe kwenye faili lake, na apewe nakala kabla hajatoka getini.