Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: hesabu ya matunzo ianzie juu ya hati ya mshahara

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Ngarenaro, Arusha. Nauza mboga Soko la Kilombero na nalea watoto wawili. Baba yao ni dereva wa watalii. Tulipokaa mbele ya afisa wa ustawi wa jamii kuzungumzia matunzo ya watoto, mimi niliambiwa nilete daftari la mauzo la mwaka mzima, nikalileta. Yeye alileta hati moja ya mshahara, ya Aprili, masika yamekolea na magari ya safari yameegeshwa. Mstari wa chini kabisa unasomeka 266,000. Afisa akaanzia hapo.

Naomba tuisome hati ile kuanzia juu. Mshahara kabla ya makato ni 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 60,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa kwenye 540,000 zinazobaki: 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na 20,000 za mwisho asilimia 20. Jumla 24,000. Basi makato ya lazima yote ni 84,000, na mkononi zinabaki 516,000. Kutoka hapo hadi ile 266,000 ya chini kuna 250,000, nazo zimekwenda SACCOS, chama cha akiba na mikopo, rejesho la mkopo wa pikipiki. Simwonei kijicho kwa pikipiki yake. Ila kukopa aliamua mwenyewe, na kwa hesabu ile wanangu ndio wanaolipa rejesho.

Posho bado hatujaigusa. Kila siku anayokuwa porini hulipwa 25,000, nayo haimo kwenye hati ya Aprili kwa kuwa Aprili hakutoka hata mara moja. Julai hadi Septemba nyumbani kwake analala siku za kuhesabu. Tipu za wageni naziacha, zinapanda na kushuka na sitaki kumzushia. Lakini posho ina karatasi, na mwajiri anazo.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataka uangaliwe uwezo wa wazazi wote wawili, kipato na mali zao, pamoja na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Namna ya kukipata hicho kipato ndiyo kila afisa anajikadiria.

Naomba utoe mwongozo. Mshahara kabla ya makato wa miezi 12, na posho zake, ujumlishwe kisha ugawanywe kwa 12. Yatolewe makato ya kisheria peke yake, mikopo iandikwe kando. Kama baba ana watoto wengine nao wahesabiwe, sheria yenyewe inawataja. Nasi tusio na hati tupimwe kwa muda huohuo.

Tunarudi kwa afisa mwezi ujao. Nimemwomba baba yao aje na hati za kuanzia Julai. Amesema atazitafuta.

Mama wa watoto wawili,
Ngarenaro, Arusha