Barua ya malalamiko: rudisheni jina la kikoa la biashara yetu

Dandenong, Victoria
14 Mei 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Kutengeneza na Kuhifadhi Tovuti,
Melbourne.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: JINA LA .COM.AU TULILOLILIPIA KUANDIKISHWA KWA NAMBA YA KAMPUNI YENU

Naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, isiishie kwenye dawati la huduma kwa wateja. Dawati hilo limeshatoa jibu lake, na jibu hilo ni sehemu ya ninachokilalamikia.

Mimi na mke wangu tunakusanya mizigo ya watu wetu hapa Melbourne na kuisafirisha kwa kontena hadi Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2017 tuliwalipa mtutengenezee tovuti, mtufungulie barua pepe na mtusajilie jina la kikoa, yaani anwani ya mtandaoni yenye jina la biashara yetu, katika .com.au. Kila ankara mliyotuletea tangu wakati huo tumeilipa, na zote zinataja “kusajili na kuhuisha jina la kikoa la mteja”. Mwezi Machi mwaka huu tulitaka kuhamia kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili majina, tukawaomba nywila ya uhamisho, neno la siri linaloruhusu jina lihamishwe. Mfanyakazi wenu akatujibu kwa maandishi kwamba jina ni mali ya kampuni yenu, kwamba tunaweza kuendelea kulitumia maadamu tunalipa, na kwamba tukilitaka liwe letu tulinunue kwa dola 2,400.

Nikafungua daftari la WHOIS la .au. Daftari hilo liko wazi kwa kila mtu, na linaonyesha mwenye leseni pamoja na namba yake ya biashara, yaani ABN. Nikakuta kampuni yenu na ABN yenu. Yetu haipo, ingawa tuliwapa siku ya kwanza kwenye fomu yenu wenyewe, nanyi mkaipokea.

Ndugu Mkurugenzi, wewe unajua kuliko mimi kwamba katika .au hakuna mtu anayemiliki jina. Kinachotolewa ni leseni, ya mwaka mmoja hadi mitano, chini ya kanuni za auDA, shirika linalosimamia majina ya .au, na kwa com.au leseni hiyo ina masharti. Mwombaji awe mfanyabiashara mwenye uhusiano unaotambulika na Australia, na jina liendane naye: liwe jina la kampuni au biashara yake, kifupi chake, alama yake ya biashara, au litaje bidhaa na huduma anazotoa. Ninyi hamsafirishi mizigo. Hamna kontena bandarini, na jina letu haliko popote katika usajili wa kampuni yenu. Basi mlipoliandikisha kwa ABN yenu, mlieleza kwamba linawahusu kwa msingi gani? Swali hili nataka lijibiwe kwa maandishi, kwa sababu hatari yake iko juu yetu. Mtu yeyote akilalamika leo kwamba mwenye leseni hana sifa, auDA inaweza kuifuta leseni hiyo na jina likaachiwa umma. Miaka yote hii biashara yetu imekuwa ikikalia msingi ambao ungeweza kuvunjwa kwa lalamiko moja, na hamkuwahi kutuambia.

Kuhusu kutunyima nywila. Zamani, wakati .au ikiwa chini ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, aliyekabidhiwa mwaka 1986, na hata baadaye com.au ilipowekwa mikononi mwa kampuni ya Melbourne IT mwaka 1996, mfanyabiashara aliyetaka jina alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Mwaka 2002, chini ya auDA, soko likafunguliwa kwa wasajili wengi wanaoshindana. Sababu ya kufanya hivyo ilikuwa kumpa mteja uwezo wa kuhama pale huduma inapomchosha. Nywila ya uhamisho ndiyo inayoufanya uwezo huo uwe wa kweli. Ipo hata huduma ya auDA ya kuirejesha nywila iliyopotea, lakini inaituma kwenye anwani ya barua pepe ya mwenye leseni, na anwani mliyoiweka ni yenu. Kila njia tuliyojaribu imeturudisha kwenu.

Sasa nifike kwenye hasara ambayo haitarudi.

Tarehe 24 Machi 2022 Australia ilianza kutoa majina mafupi yanayoishia na .au peke yake, bila com katikati. Hadi tarehe 20 Septemba mwaka huo, mwenye jina la zamani alikuwa na kipaumbele cha kuomba jina lile lile katika .au. Majina ambayo hayakuombwa yakafunguliwa kwa umma mwanzoni mwa Oktoba. Jina letu lilikuwa limesajiliwa kabla ya tarehe 4 Februari 2018, kwa hiyo lilikuwa katika kundi la kwanza la kipaumbele, na hakukuwa na mtu mwenye jina hilo katika net.au wala org.au wa kushindana nasi. Ombi moja tu lingetosha. Lakini anayestahili kuomba ni mwenye leseni, na kwenye daftari mwenye leseni alikuwa ni ninyi.

Kituo cha Usalama wa Mtandao cha Australia kilikuwa kikiwahimiza wafanyabiashara wachukue majina yao ya .au kabla wengine hawajayawahi. Bruce Billson, msimamizi wa shirikisho anayetetea biashara ndogo, alikuwa akiomba muda uongezwe kwa kuwa wengi hawakuwa na habari. Mke wangu alikuwa na habari. Aliwaandikia mwezi Agosti 2022 akiuliza tufanye nini. Jibu lenu ninalo: “Msiwe na wasiwasi, com.au inatosha.” Hamkumwambia kwamba yeye hawezi kuomba. Hamkuomba kwa niaba yetu. Mkaacha muda upite.

Leo jina letu katika .au linashikiliwa na kampuni nyingine ya mizigo iliyoko Sydney. Sina ugomvi nao. Waliliomba likiwa wazi, na kwa biashara wanayoifanya wana haki ya kulitumia. Nimesoma utaratibu wa usuluhishi wa migogoro ya majina, auDRP, na naelewa kwamba mlalamikaji lazima aonyeshe, pamoja na mambo mengine, nia mbaya kwa upande wa pili. Hapo hakuna nia mbaya ya kuonyesha.

Wateja wetu ndio wanaoumia. Wengi wanaandika anwani kutoka kichwani, wanaruka “com”, barua inakwenda Sydney. Mama mmoja wa Footscray alituma orodha ya vitu vya msiba wa kaka yake, vilivyotakiwa kuwahi meli, na sisi hatukuviona kwenye hesabu mpaka kontena likafungwa. Alidhani tumempuuza. Wapo waliotuma nakala za pasipoti na namba za simu za ndugu zao kule nyumbani, na hizo sasa ziko mikononi mwa watu wasiowajua. Katika kazi hii mtu anakukabidhi pipa lenye jasho lake la mwaka mzima. Akianza kukushuku, harudi, na anawaambia wenzake wa kanisani na msikitini.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha mliyotumia kututafuta. Matangazo yenu yalisema ninyi ni ndugu, mtatushika mkono mahali ambapo karatasi na sheria zote ni za Kiingereza. Tuliwaamini kwa sababu hiyo. Na wapo wengine waliowaamini vivyo hivyo, wasusi, wapishi, wenye maduka ya unga na dagaa, Wakongo na Warundi waliofika juzi. Kama majina yao nayo mmeyaandika kwa ABN yenu, wana haki ya kujua kabla hawajafika tulipofika sisi.

Ninachotaka ni hiki. Leseni ya jina letu la com.au ihamishiwe kwenye ABN yetu, bila malipo yoyote, nanyi mtie saini fomu ya uhamisho ambayo msajili mnayemtumia anaitaka kutoka kwa pande zote mbili. Ikishakuwa yetu, tupewe nywila, na barua pepe zetu zisizimwe mpaka tutakapomaliza kuhama. Mturudishie ada zote za usajili mlizotutoza kwa jina ambalo mmedai ni lenu. Hamwezi kulidai jina na pia kumdai mteja pesa ya kulisajili. Kuhusu .au tuliyoipoteza, leteni pendekezo la fidia kwa maandishi, na tutalijadili kwa heshima.

Nawapa hadi Ijumaa, 31 Mei 2024. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwa msajili wenu, ambaye anabeba wajibu wa matendo ya wauzaji wanaopitia kwake, kama ninyi, kisha auDA, na nitaomba Tume ya Biashara Ndogo ya Victoria itupatanishe. Sheria ya Walaji ya Australia inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi, na inakataza mwenendo wa kupotosha. Nitaitegemea hiyo pia. Nimeambatisha ankara zote, barua ya mke wangu na jibu lenu la Agosti 2022, jibu lenu la Machi mwaka huu, na nakala ya WHOIS yenye tarehe.

Meli yetu inayofuata inapakiwa katikati ya Juni, na nahitaji barua pepe zikiwa mikononi mwangu kabla ya hapo.

Wako,

Mmiliki mwenza,
biashara ya usafirishaji wa mizigo, Dandenong